Mpango wa dharura wa chuo kikuu: tuanzie wapi ili usiishie kabatini?

AfisaTawala_Kanda:

Wanajukwaa, habari za kazi.

Mimi ni afisa tawala katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Mwezi uliopita Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia utawala alinikabidhi kazi ya kuandika upya mpango wa kukabiliana na dharura pamoja na mpango wa mwendelezo wa shughuli, na rasimu inatakiwa iwe mezani kabla ya kikao kijacho cha Baraza. Mpango uliopo una kurasa 83 na nimeusoma wote. Ndani yake kuna sura nzima ya namna ya kuondoa theluji kwenye barabara za chuo, jambo linalotosha kuonyesha ulikonakiliwa, na ukurasa wa mwisho una majina tisa ya watu wa kupigiwa simu, ambao wanne kati yao wamekwisha kustaafu na mmoja tulimzika mwaka juzi.

Ninaomba ushauri katika mambo matatu. Je, niorodheshe majanga kwanza, yaani moto, mafuriko, kipindupindu, migomo na mengineyo, au kuna njia bora ya kuanza? Pili, ikiwa Makamu Mkuu wa Chuo yuko safarini na jambo likatokea saa nane usiku, nani hasa awe na mamlaka ya kusitisha masomo na kuwatoa wanafunzi hosteli? Tatu, mazoezi ya tahadhari yafanywe vipi bila kuleta taharuki?

MasijalaKuu:

Ndugu Afisa, nimefanya kazi masijala za vyuo kwa zaidi ya miaka ishirini na sasa nimestaafu, kwa hiyo yamkini mimi ni mmojawapo wa watu wa ukurasa wako wa mwisho.

Usianze na orodha ya majanga, kwa sababu haina mwisho, na litakalokuja litakuwa lile usiloliandika. Anza na kazi za chuo zenyewe, na kila moja uiulize inaweza kusimama kwa muda gani kabla madhara hayajawa makubwa. Friji ya maabara yenye sampuli huhesabu saa. Maji na chakula cha hosteli huhesabu siku moja, pengine mbili. Mishahara ina tarehe yake, na fedha za kujikimu za wanafunzi vilevile. Mahafali yanaweza kusogezwa mwezi mzima na asidhurike mtu, ingawa wazazi waliokwisha kulipia ukumbi watanung'unika. Kisha weka kalenda ya masomo juu ya orodha hiyo, kwani umeme ukikatika siku mbili wakati wa likizo ndefu ni kero tu, lakini siku hizohizo mbili katikati ya mitihani zinaweza kuvuruga muhula wote.

Chukua mfano wa Makerere. Alfajiri ya Jumapili, 20 Septemba 2020, Jengo Kuu lililojengwa mwaka 1941 lilishika moto, na paa pamoja na ghorofa za juu, ambako kulikuwa na ofisi za fedha na kumbukumbu, viliteketea. Jengo lilikuja kufunguliwa upya mwaka 2024. Sasa jiulize kwa upande wako: ofisi zipi za chuo chenu haziwezi kungoja miaka minne, nazo zimerundikwa jengo moja?

Mimi moto sikuupata, ila maji niliyapata. Katika chuo nilichokuwa nikifanya kazi, bomba lilipasuka juu ya dari wakati wa sikukuu ya Pasaka, na Jumanne tulipofungua tulikuta karatasi za matokeo ya miaka mitatu zimelowa chapachapa. Tulizianika kwenye kamba za nguo ndani ya ukumbi wa mikutano, feni zote zikizunguka, mhudumu mmoja akipita kuokota zilizodondoka. Alama zilizoandikwa kwa penseli zilisomeka vizuri kabisa, lakini saini na mihuri, yaani vitu vilivyozifanya karatasi zile ziwe nyaraka halali, vilitiririka vyote. Ilitubidi twende kwa watahini mmojammoja kuomba wathibitishe upya, na wawili walikuwa wameshahama nchi.

Mhadhiri_BondelaUfa:

Shikamoo, Mzee Masijala. Nakubaliana nawe kuhusu kazi za chuo, lakini mpangilio wako unanitia wasiwasi kidogo. Anayeanza na mishahara na matokeo hujikuta ameandika mpango mzuri wa kuokoa ofisi, huku wanafunzi wakiwa bado wamelala nyuma ya madirisha yenye nondo.

Sisi Kenya tulilipa gharama kubwa kujifunza haya. Alfajiri ya 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu kishiriki cha Garissa kilishambuliwa na watu 148 wakauawa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Siku kumi baadaye, kabla ya mapambazuko ya 12 Aprili, mlipuko wa umeme ulitokea katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Hapakuwa na mshambulizi yeyote, lakini wanafunzi waliamini ni Garissa nyingine na wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alifariki na zaidi ya mia moja wakajeruhiwa. Ukiyaweka matukio hayo mawili pamoja utaona kwamba kinachopungua mara nyingi ni sauti moja ya kuaminika ya kuwaambia watu kinachoendelea, tena ndani ya dakika chache.

Hapo ndipo ninapojibu swali la tatu. Mwaka huohuo wa 2015, mwezi Novemba, chuo kimoja cha Nairobi kilifanya zoezi la kuigiza shambulio ambalo watu wengi walilichukua kuwa la kweli. Waliruka madirishani, na mfanyakazi mmoja alifariki. Kwa hiyo zoezi litangazwe siku kadhaa kabla, tena siku yenyewe litangazwe tena, na polisi pamoja na zahanati wajulishwe. Kinachopimwa ni kama milango inafunguka na kama watu wanajua mahali pa kukusanyikia. Ujasiri wao haupaswi kujaribiwa.

Kuhusu mamlaka, usiandike majina ya watu, andika vyeo, na viwe vitatu kwa kufuatana. Baraza lipitishe kwa maandishi kwamba yeyote kati ya hao atakayepatikana kwanza anaweza kusitisha shughuli kwa saa 48 bila kungoja kikao, na asiulizwe baadaye kwa nini hakusubiri. Bila sentensi hiyo ya mwisho kila mtu atampigia mkubwa wake hadi kuche.

Jambo jingine ni makubaliano na chuo ndugu. Wanafunzi wa Garissa waliendelea na masomo Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kwa kuwa Garissa ilikuwa chini ya Moi, na kampasi yenyewe ikafunguliwa tena Januari 2016. Chuo kisicho na mlezi wa namna hiyo kinapaswa kukubaliana mapema ni nani atakayewapokea wanafunzi wake, na alama zao zitahamaje.

Mkutubi_Pwani:

Naongeza dogo tu la maktaba. Moto wa Chuo Kikuu cha Cape Town wa 18 Aprili 2021, ulioanzia kwenye miteremko ya Table Mountain, uliteketeza ukumbi wa kusomea wa Jagger. Milango ya kuzuia moto ilishuka na kuokoa sehemu nyingine za makusanyo, lakini ghala za chini ziliingia maji yaliyotumika kuzimia moto, na wengi wakajitolea kutoa nyaraka kwa kreti. Tafadhali nenda uangalie kama nyaraka zenu adimu ziko ghorofa ya chini kabisa. Karibu kila maktaba niliyoitembelea imeziweka huko, eti kwa sababu kuna ubaridi.

FundiSeva:

Kwa upande wa TEHAMA, nakala ya akiba ambayo haijawahi kurejeshwa hata mara moja kwa majaribio msiihesabu. Pia msitegemee mno kwamba "data iko mtandaoni". Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikayumba Afrika Mashariki yote. Aliyekuwa na mfumo wa matokeo kwenye seva ya nje ya nchi pekee alibaki kuutazama ukizunguka. Iwepo nakala moja chuoni, moja jengo jingine lililo mbali, na moja nje.

Na msiandike "masomo yatahamia mtandaoni" kisha mkafunga ukurasa. Vyuo vyetu hapa Tanzania vilifungwa Machi 2020 hadi 1 Juni kwa ajili ya korona, na wanafunzi wengi walirudi vijijini ambako bando ni ghali na mtandao hupatikana juu ya kilima.

AfisaTawala_Kanda:

Nawashukuru nyote, hasa Mzee Masijala na Mhadhiri kwa kutokubaliana kwao, maana kumenisaidia: sehemu ya kwanza itahusu uhai wa watu, na ya pili kazi zinazopangwa kwa saa na siku.

Jana jioni nilizunguka na mlinzi wa zamu. Hosteli ya wasichana ina mlango wa dharura wenye maandishi mekundu, nao umefungwa kwa kufuli kwa sababu ya wezi. Ufunguo uko kwa msimamizi, ambaye hulala kwake, ng'ambo ya barabara kuu. Tuliagiza uletwe huku nikitazama saa, na kufuli lilifunguka baada ya dakika 19. Baadaye nilimuuliza mhasibu wa mishahara nakala yake ya akiba iko wapi, akavuta droo iliyo chini ya kompyuta ileile na kunionyesha.

Leo asubuhi nimeandika barua ya kuomba komeo la kusukuma kutoka ndani, linalofunguka bila ufunguo. Nimeambiwa niambatanishe ankara tatu za bei.