Bartolo na vilele vya Desert de les Palmes: mmoja kwa miguu, mwingine kwa baiskeli

Mwambao
Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Mwishoni mwa Oktoba mimi na mke wangu tutakaa siku mbili Benicàssim, mji wa pwani katika jimbo la Castelló, Hispania, na nia yetu ni kuingia katika hifadhi ya asili ya Desert de les Palmes, iliyo mgongoni mwa mji huo. Ramani inaonyesha kwamba kilele chake kirefu zaidi, Bartolo, kina mita 729, na kwamba barabara ya CV-147 inaikatiza hifadhi kutoka Benicàssim hadi La Pobla Tornesa. Mimi ni mwendesha baiskeli wa kawaida, wala sijawahi kushindana. Mke wangu ananishinda mbali kwa kutembea, lakini ukimtajia kupanda mlima kwa baiskeli hataki hata kusikia. Je, inawezekana kila mmoja wetu aende kwa njia yake tukutane kileleni siku hiyo hiyo, au nitakuwa nimetafuta ugomvi bure? Kama kuna mahali pengine pa kutazamia mandhari panapostahili siku ya pili, nitashukuru kutajiwa.

GiaNdogo
Ndugu Mwambao, inawezekana, ila usidanganywe na hizo mita 729 ukadhani ni kilima cha kupasha misuli moto. Kilima cha mita 729 kinachoanzia kwenye uwanda ulioinuka ni jambo jingine kabisa. Hapa unaanzia ufukweni, kwa hiyo kila mita iliyoandikwa kwenye ramani utailipa kwa miguu yako. Barabara ya CV-147 yenyewe ni ya lami, ina kona nyingi, na mwinuko wake ni wa kuvumilika kwa mtu asiye na haraka. Karibu na kilomita ya nane kuna kituo cha wageni cha hifadhi kiitwacho La Bartola, na eneo hilo ndilo lenye monasteri ya Wakarmeli, watawa wa Kikatoliki. Ukifika hapo ukiwa bado unaweza kuzungumza bila kuhema, basi uko sawa.

Shida inaanza unapoiacha barabara kuu na kushika njia ya kwendea kileleni, kwenye msalaba na minara ya mawasiliano. Njia hiyo ilichongwa kwa ajili ya magari ya kuhudumia minara, na aliyeichonga hakumfikiria mwendesha baiskeli hata kidogo. Kuna vipande ambavyo gurudumu la mbele linataka kuinuka, na ukisimama juu ya pedeli ili kuongeza nguvu, gurudumu la nyuma linateleza juu ya mchanga mwekundu uliotapakaa njiani. Mara ya kwanza nilipopanda nilikuwa na baiskeli ya barabarani ambayo gia yake nyepesi zaidi ilikuwa meno 39 mbele na 25 nyuma, nikaishia kuisukuma kama mtu anayepeleka mbuzi mkaidi mnadani. Tangu siku hiyo sipandi bila 34 mbele na angalau 32 nyuma. Kwa baiskeli ya milimani mambo ni mepesi zaidi.

Katika kuteremka, usikamate breki mfululizo kutoka juu hadi chini, kwa sababu joto hulimbikizana kwenye rimu au diski hadi breki zinalegea. Bana kwa nguvu kabla ya kona, kisha achia kabisa ili zipate kupoa. Kofia ngumu ni lazima kisheria nje ya miji nchini Hispania, na gari linalokupita linatakiwa liache nafasi ya mita moja na nusu, ingawa katika kona za barabara ile ni busara zaidi kutegemea masikio yako kuliko sheria.

Bi Kijia
Namheshimu GiaNdogo, lakini ushauri wake unamfaa mtu aliye peke yake. Kaka Mwambao, wewe una mwenzako. Panda kwa baiskeli hadi eneo la monasteri, ifunge vizuri, na mke wako afike hapo kwa teksi au kwa vijia vinavyopanda kutoka chini kama ana nguvu hizo anazosifiwa. Kutoka hapo mwende Bartolo pamoja kwa miguu. Sisemi hivi kwa sababu ya mapenzi tu. Kipande cha mwisho, ambacho mwendesha baiskeli hukipita akiangalia gurudumu lake la mbele, ndicho chenye mambo ya kuonwa: miamba ya mchangatope mwekundu iliyokatika kwa tabaka, mialoni ya gome la koki (la kutengenezea vizibo vya chupa) sehemu zenye kivuli, na ile mitende mifupi ya majani ya upepeo, ya jamii ya mkoche, ambayo wenyeji huiita margalló. Hiyo ndiyo iliyoipa hifadhi neno "palmes", yaani mitende. Ama "desert", hakuna jangwa lolote pale: Wakarmeli waliofika mwaka 1694 waliita hivyo nyumba zao za upweke na sala, hata kama zimezungukwa na misonobari na chemchemi.

Kivuli, hata hivyo, msikitegemee. Mioto mikubwa ya miaka ya 1980 na ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliteketeza sehemu kubwa ya misonobari, na mabonde mengi sasa yana vichaka vinavyofika kiunoni. Bebeni maji ya kutosha tangu chini.

Kwa siku ya pili ningewachagulia Agulles de Santa Àgueda, yaani "sindano" za Mtakatifu Agata, ambazo ni safu ya majabali mekundu yaliyochongoka upande wa Benicàssim. Kwa kimo ziko chini ya Bartolo, lakini mimi nazipenda zaidi, kwa kuwa ukiwa Bartolo unaitazama hifadhi kama ramani, na hapa uko ndani ya ramani yenyewe. Isitoshe, hakuna minara inayovuma nyuma ya kisogo chako. Ngome ya Montornés nayo ni magofu juu ya kilima, inafaa kwa jioni fupi. Zote mbili ni za miguu. Baiskeli ziacheni nyumbani, maana vijia ni vyembamba vyenye ngazi za mawe, na anayepanda kwa miguu hana pa kukupisha.

Upeo96
Naongeza jambo moja tu, maana naona wote mmezungumzia miguu na hakuna aliyezungumzia macho. Kutoka kimo cha mita 729 upeo wa bahari uko umbali wa kilomita 96 hivi, kwa hiyo visiwa vya Columbretes, vilivyo zaidi ya kilomita 50 kutoka pwani, vinapaswa kuonekana bila taabu. Watu wengi hawavioni, kwa sababu hupanda siku yenye upepo wa baharini, ambao hujaza hewa unyevu na kuifanya bahari na mbingu kuwa shuka moja la kijivu. Subirini upepo wa kaskazini-magharibi, ule mkavu unaotoka bara. Ukivuma usiku kucha na kutulia alfajiri, pandeni asubuhi hiyo hiyo hata kama mlipanga kulala.

Mlima huu una heshima yake katika habari za kuona mbali. Mfaransa Pierre Méchain, mmoja wa wapimaji wa meridiani (mstari wa kaskazini hadi kusini juu ya dunia) iliyotumika kuamua urefu wa kipimo cha mita, alikuwa akijaribu kuendeleza vipimo hadi visiwa vya Baleari alipofariki kwa homa mjini Castelló mwaka 1804. Miaka miwili baadaye wanasayansi Jean-Baptiste Biot na kijana François Arago walitumwa kuimaliza kazi hiyo, wakapiga kambi juu ya Desert de les Palmes wakikesha kutafuta mwanga wa taa zilizowashwa Ibiza, kimojawapo cha visiwa hivyo, zaidi ya kilomita 100 kuvuka bahari. Hesabu ni ile ile: upeo wa kilomita 96 peke yake usingetosha, ndiyo maana taa nazo ziliwekwa juu ya mlima.

Mwambao
Nawashukuru sana. Mke wangu amesoma jibu la Bi Kijia na amekwisha kuamua kwa niaba yetu sote. Limebaki swali la hali ya hewa: je, Oktoba kuna hatari ya kufungiwa njia kwa sababu ya moto, au msimu huo umekwisha?

Bi Kijia
Hatari ya moto hupungua sana ikilinganishwa na Julai na Agosti, lakini haiishi kwa kufuata kalenda. Mamlaka za eneo la Valencia, ambalo Castelló ni sehemu yake, hutangaza kila siku kiwango cha tahadhari kwa ngazi tatu, na ya tatu ikitangazwa, kuingia msituni huwekewa masharti, hivyo angalieni tangazo usiku wa kuamkia safari. Msiwashe chochote, hata jiko dogo la gesi la kuchemshia kahawa.

Oktoba mimi naogopa mvua kuliko moto. Ndio msimu wa zile mvua za ghafla za pwani ya Mediterania, ambazo humwaga kwa saa chache maji ya miezi mizima, na mabonde makavu mliyoyavuka asubuhi yanageuka mito. Monasteri ya kwanza ya Wakarmeli iliharibiwa na mvua mwishoni mwa karne ya 18, na magofu yake bado mtayaona chini ya hii iliyopo. Likitolewa onyo rasmi la mvua, siku hiyo bakini mjini, au endesheni baiskeli kwenye njia ya tambarare ya reli ya zamani kati ya Benicàssim na Oropesa mvua ikishapita.

Angalieni pia saa zenu. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na jua lililokuwa likizama saa moja jioni litazama kama saa kumi na mbili. Kama safari yenu itaangukia baada ya siku hiyo, muwe mmeondoka kileleni kabla ya saa kumi alasiri, na baiskeli yako, kaka, iwe na taa nyuma na mbele.

GiaNdogo
Nami nimekubali kushindwa. Ila ukishafunga baiskeli pale monasterini, chomoa taa na kipima mwendo uende navyo mfukoni.