Makala iitwe Ziwa Nyasa au Ziwa Malawi?

Wakuu, hili limezua ubishi wa muda mrefu, tulijadili kwa hoja. Makala ya Wikipedia ya Kiingereza ina kichwa Lake Malawi. Ya Kiswahili inaitwa Ziwa Nyasa. Wapo wanaotaka ya Kiswahili ifuate ya Kiingereza. Wanasema ramani nyingi za dunia zimeandika Malawi, na kwamba kushikilia Nyasa ni kuibeba Tanzania katika mgogoro wa mpaka. Nawapinga kwa yote mawili.

La ramani halinisumbui. Wasomaji wa lugha fulani ndio wanaoamua mahali panaitwaje katika lugha yao. Kyela, Manda na Mbamba Bay watu husema Nyasa, shuleni hufundishwa Nyasa, na wilaya moja ya Ruvuma inaitwa hivyohivyo.

La mpaka ndilo linalowapandisha watu jazba. Malawi inasimamia mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1, 1890, uliopitisha mpaka kwenye ufuko wa mashariki, maji yote yakabaki upande wa Waingereza, yaani Malawi ya leo, na Wajerumani wakabaki na nchi kavu ya Tanganyika. Tanzania inadai mstari wa katikati, kama ule ambao Uingereza na Ureno zilikubaliana mwaka 1954 kwa upande wa Msumbiji. Sasa tazameni: mkataba huohuo wa 1890, ambao ndio nguzo ya hoja ya Malawi, unaliita ziwa hili Nyassa! Jina la Malawi lilikuja baada ya uhuru wa 1964. Vipi basi jina lililomo ndani ya ushahidi wa Malawi ligeuke kuwa ushahidi wa Tanzania? Mgogoro uandikwe kwenye sehemu yake, pande zote mbili zisikike, na kichwa cha makala kisibebeshwe kazi ya mahakama.

Hata hivyo sitaki Wamalawi wafichwe. Atakayetafuta Ziwa Malawi afikishwe kwenye makala hiyohiyo, na jina hilo alikute kwenye sentensi ya kwanza kabisa. Kuandika kwamba wengine "hukosea" kuliita hivyo ni uchokozi, na mimi ningefuta neno hilo papo hapo.

Kazi ngumu zaidi iko kwenye historia. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani huko Sphinxhafen, ambayo leo ni Liuli. Tukuyu iliitwa Neu-Langenburg. Mangochi iliitwa Fort Johnston. Tuandike lipi? Wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza walibishana sana juu ya mji wa Poland uitwao Gdańsk, ambao Wajerumani waliuita Danzig, hadi mwaka 2005 wakapiga kura: Danzig kwa habari za 1308 hadi 1945, Gdańsk kwa nyakati nyingine. Napendekeza nasi tuandike jina la wakati wa tukio, kisha la leo kwenye mabano, lakini makala ya mji wenyewe ibaki Liuli, ibaki Tukuyu.

Ndugu zetu wa Karonga na Nkhata Bay mnaosoma Kiswahili, nauliza kwa dhati. Makala ikianza hivi: "Ziwa Nyasa (nchini Malawi: Ziwa Malawi, nchini Msumbiji: Lago Niassa) ni ziwa la tatu kwa ukubwa barani Afrika", kuna neno linalowakwaza? Kama lipo, litajeni na mseme mngeweka lipi mahali pake.