Tokeni za vita vya Marekani: za duka au za kizalendo?

Mzee wa Chenji: Wakuu habari zenu, tokeni ninazouliza sio za luku jamani 😄 ni zile za wafanyabiashara wa Marekani enzi za vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu walificha sarafu mpaka 1862 maduka yakakosa chenji kabisa ndo wakaanza kujigongea senti zao za shaba. Nina dola 100, nipo Ohio. Nianze na zipi?

Bibi Sarafu: Za duka. Ya kizalendo ina bendera na kaulimbiu, basi. Ya duka inakutajia mtu, mji, na alichokuwa anauza. Na hapo Ohio, Cincinnati ndo machimbo yenyewe! Ninayo ya muuza nyama wa huko, imelika pembeni ila jina linasomeka vizuri tu.

kijana_wa_tabora: Napinga kidogo. Za kizalendo zile za kawaida unapata hata kwa dola 20 na zina vituko vyake, kuna ile ya Dix, waziri wa fedha wa Marekani wakati huo, inasema anayeshusha bendera "shoot him on the spot" (mpige risasi papo hapo), fundi akachonga SPOOT, o mbili 😂 Ila usikimbilie inayong'aa, mimi niliuziwa moja kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu na ndimu, kuja kuiuza hakuna aliyeitaka. Chukua ya kahawia.

Mzee wa Chenji: Na zile stempu za posta ndani ya kibati, zilizotumika kama chenji?

Bibi Sarafu: Za Gault hizo, aliyezibuni, 1862, mbele mika (madini yanayoonyesha kama kioo), nyuma tangazo la biashara. Tamu, ila kwa dola 100 utaishia kuziangalia.

pipi_ndo_chenji: Sasa hizo tokeni nani alikuwa anazilipa? Huku ukikosa chenji unapewa pipi, angalau unakula.

Bibi Sarafu: Haha, muulize Lindenmueller wa New York, mwenye baa. Alitoa zaidi ya milioni, tramu za Third Avenue zikawa zinapokea kwa abiria mpaka zikajaa, kampuni ilipompelekea azikomboe kwa pesa halisi akagoma na hakuna sheria ya kumbana. 1864 Bunge likazipiga marufuku.

kijana_wa_tabora: Kwetu Tabora 1916 Wajerumani nao waligonga sarafu za heller 20 (pesa ya koloni lao) kwenye karakana ya reli, ila zile za serikali, usije ukauziwa kama za duka.

Mzee wa Chenji: Poa, naanza na Cincinnati. Bibi, ile ya muuza nyama huiuzi?

Bibi Sarafu: Siuzi.