Civ VI: maajabu ya kale yanalipa au najichelewesha tu?

mpiga_zamu
Wakuu salama? Najua swali hili litawachosha waliokula chumvi nyingi lakini nivumilieni. Kwenye hii gemu ya kompyuta ya kujenga himaya kwa zamu nimetoka ugumu wa Prince, nikapanda King, sasa nahangaika na Emperor. Kule chini nilikuwa najenga kila ajabu (jengo la kipekee, anayewahi ndiye analipata) ninaloliona, Stonehenge, Bustani za Babeli, Piramidi, Oracle, mji mkuu wangu ulikuwa kama jumba la makumbusho na bado nashinda. Huku naona moto. Gemu ya jana nilianza Stonehenge mara tu nilipopata teknolojia ya Astrolojia, mji unatoa prodaksheni (nguvu ya kujengea) 8 kwa zamu na ajabu lenyewe ni 180, yaani zamu 23 hivi. Zimebaki nne ujumbe unaingia kwamba limeshajengwa huko kwa watu ambao hata sijakutana nao!! Kucheki ramani mimi nina mji mmoja, jirani ana minne, na wa nne kaupachika palepale mtoni nilipokuwa nimepatolea macho tangu zamu ya kwanza. Sasa haya maajabu ya mwanzo yana thamani gani hasa? Niyapotezee yote au kuna ya kupigania?

setla_wa_tatu
Pole mkuu. Piga hesabu hii. Setla (yule wa kuanzisha mji) wa kwanza ni prodaksheni 80, wa pili 110, kila ukitoa mmoja bei inapanda 30. Wawili jumla 190. Kwa hiyo Stonehenge yako ilikuwa ni miji miwili ambayo hukuianzisha, na ule wa mtoni ungekuwa wako. Ni kweli setla anapunguza mtu mmoja mjini na lazima usubiri mji ukue kidogo, ila mji ukishakaa unakulipa mpaka mwisho wa gemu, Stonehenge inakupa nabii mara moja basi. Na ulikuwa unamtaka nabii wa nini? Kama hukuwa na mpango wa dini, hata ungewahi ungekuwa na nabii anazurura tu. Mimi nacheza Deity, ugumu wa juu kabisa, kule kompyuta inaanza na setla watatu wewe una mmoja, kwa hiyo kabla sijafikisha miji minne hata ile orodha ya maajabu siifungui.

jangwa_ni_langu
Setla_wa_tatu uko sahihi kwa Stonehenge ila usiyaweke yote kapu moja. Chukua Piramidi. Ni 220, inataka jangwa tambarare, inakupa mjenzi wa bure na kila mjenzi anapata chaji moja ya ziada (kazi moja zaidi kabla hajaisha), badala ya 3 anakuwa na 4. Ukitengeneza wajenzi 12 gemu nzima umepata chaji 12 za bure, sawa na wajenzi wanne wa kawaida. Mjenzi anaanza 50 na kila mmoja anaongeza 4, kwa hiyo ukishafika wa kumi na mbili hao wanne wa ziada wangekugharimu zaidi ya 400. Hapo utaniambia haijalipa?

setla_wa_tatu
Imelipa, lakini lini? Hizo chaji zinakuja kidogokidogo mpaka zamu ya 150 huko, wakati ile 220 unaitoa leo una miji miwili na washenzi wako mlangoni. Halafu ukishaweka ile kadi ya sera ya Feudalism inayoongeza chaji mbili, mjenzi ana 5 tayari, kwa hiyo chaji zako 12 zinakuwa wajenzi wawili na kidogo, sio wanne. Nikiwa na jangwa na miji mitatu najenga Piramidi bila shida. Sijakataa ajabu, nimekataa kuanza nalo.

jangwa_ni_langu
Haya hiyo ya kadi umenikamata 😅

Ila mpiga_zamu, angalia pia unacheza na nani. Qin Shi Huang, kiongozi wa China, yule wa awali, wajenzi wake wana chaji 4 na kila chaji inasukuma 15% ya ajabu la enzi mbili za kwanza. Mjenzi mmoja tu ni 60%. Kwa ile Stonehenge yako ya 180 anakupa 108 kwa gharama ya 50, hapo hata ukitaka makumbusho jenga tu. Ukiwa na wengine subiri kadi ya Corvée inayoongeza 15%, na acha msitu mmoja au miwili bila kuigusa, uikate siku ya kumalizia upate prodaksheni ya papo hapo.

Halafu kuna Petra, ajabu lingine la jangwani. Najua ni ya enzi ya pili na 400 inauma, lakini kilima cha jangwa ambacho kilikuwa na prodaksheni 1 na chakula sifuri, ukiwa na Petra kinakuwa chakula 2, prodaksheni 2, dhahabu 2. Ukiwa na vilima vitano vya hivyo kwenye mji mmoja, mji uliokuwa wa kufa njaa unaupita mji mkuu. Ukiwa na kimoja, achana nayo.

upinde_na_mshale
Nyie mnajadili kujenga tu? Mpiga mishale ni 60. Watatu ni 180, bei ileile ya Stonehenge aliyoikosa mwenzetu. Jirani akimaliza kujenga unaenda kuchukua. Piramidi ukiiteka ile chaji ya ziada inakuwa yako, cha mara moja kama nabii ndio hukipati. Mimi jirani akijenga ajabu karibu na mpaka wangu nafurahi kweli, kanijengea. Muhimu uwahi kabla hajaweka ukuta, ukishawekwa mishale yako inakuwa ya kukuna tu. Na peleka mpiganaji wa kawaida mmoja au wawili, mpiga mishale mji hauingii.

mpiga_zamu
Nimeanza upya jana usiku, setla kwanza, nikapata miji mitatu kabla sijagusa ajabu lolote na kweli nilikuwa napumua. Jangwa lipo ila lina kilima kimoja, kwa hiyo Petra basi. Ila upinde_na_mshale umenichanganya akili, maana jirani wa kaskazini kajenga Hekalu la Artemi hatua sita kutoka kwangu, kazungukwa na wanyama na mashamba, na mji wake nauona hauna ukuta. Wapiga mishale ninao wawili. Wanatosha au ningoje wa tatu?

upinde_na_mshale
Ngoja wa tatu. Ila usingoje wa nne.