Marubani wa ndege za kivita 1940: tupeane uzoefu wa yaliyowakuta angani

Mwewe: Picha ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, ikitema moshi mweusi imenikumbusha kero ya kabureta ya Merlin, injini yake. Rubani akisukuma stiki (usukani) mbele ghafla aifuate Messerschmitt 109 ya Wajerumani inayopiga mbizi, mwili unanyanyuka kitini, na mafuta nayo yanarukia juu ya bakuli la kabureta. Injini inakohoa kwa njaa. Sekunde chache baadaye boya linaachia vali wazi, mafuta yanafurika, injini inapaliwa. Moshi ndio huo. Mjerumani yeye pampu inapuliza mafuta moja kwa moja kwenye silinda, keshatokomea. Ujanja wa Waingereza ulikuwa kuipindua ndege tumbo juu kwanza, ndipo wavute stiki. Mafuta yanabaki mahali pake.

Tai Mzee: Nakazia. Ila ukimaliza kupinduka adui yuko Ufaransa.

Nati13: Dawa aliitoa mhandisi Beatrice Shilling wa kituo cha utafiti wa ndege Farnborough, 1941. Kijisahani chenye tundu lililopimwa, kinapitisha mafuta ya kutosha injini ikiwa nguvu kamili, basi. Kilifungwa bila kuitoa ndege kazini.

Kipanga: Kwa hiyo mnakubali Mjerumani alikuwa na ndege bora.

Nati13: Bora kwa dakika ngapi? 109E, toleo la Messerschmitt la 1940, ilibeba mafuta lita 400. Akifika London ana kama dakika kumi za kupigana, kisha taa nyekundu ya mafuta inawaka na bahari bado hajaivuka.

Kipanga: Hilo kosa la jiografia, si la ndege. Usichanganye madesa.

Rashasha: Acheni injini, risasi je? Spitfire ilikuwa na bunduki 8, kila moja risasi 300. Ukishikilia kitufe zinaisha kwa sekunde kama 15. Ndiyo maana ilikuwa piga sekunde mbili, achia. Na bunduki zilizolengwa zikutane yadi 400 zilitawanya risasi tu. Marubani wazoefu waliwaambia mafundi wazisogeze hadi 250.

Tai Mzee: Au msogelee mpaka uhesabu ribiti zake, ndipo upige.

Kaa la Moto: Mnaongelea risasi, moto je? Kwenye Hurricane, ndege nyingine ya kivita ya Uingereza, tangi la mafuta la akiba la galoni 28 lilikaa mbele ya dashibodi, karibu usoni kwa rubani. Likitobolewa, kufungua kioo cha juu ya rubani ndiko kunavuta miali ndani. Tarehe 16 Agosti 1940, karibu na Southampton, rubani wa Hurricane James Nicolson alipigwa mizinga: jicho limejaa damu, mguu umeumia, tangi linawaka. Alikuwa anajitoa nje akaona Messerschmitt 110 mbele yake. Akarudi kukaa kwenye moto, akaifyatulia huku mikono ikiungua. Ndipo akaruka. Akiwa kwenye mwavuli, askari wa mgambo wa upande wake mwenyewe wakampiga risasi! Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, wa pekee kwa kikosi cha ndege za kivita za Uingereza vita nzima.

Mwewe: Wa mgambo?? Uzi umetekwa.

Kipanga: Kukaa kwenye moto si ushujaa, ni wazimu.

Kaa la Moto: Wewe ungekimbia ukiwa bado uwanjani.

Bi Glovu: Somo la moto lilikuwa glovu na miwani visivuliwe hata kama vinakera. Waliopandisha miwani ili waone vizuri waliungua kope. Pale hospitali ya East Grinstead, daktari wa majeraha ya moto McIndoe aliona walioangukia baharini vidonda vyao vinapona vizuri, akaanza kuwalaza kwenye maji ya chumvi na kuachana na tanini, dawa iliyokausha kidonda kikawa kigumu.

Rashasha: Kutoka: chomoa bomba la oksijeni na waya wa redio kwanza, achia kioo, fungua mkanda, pindua ndege, sukuma stiki. Unadondoka.

Tai Mzee: Pindua kama bado inatii. Isipotii, panda ukingo, ruka upande. Ukisahau waya, ndege inaenda nawe.

Mwewe: Na skafu za hariri? Maringo?

Bi Glovu: Hapana. Kola ya shati ilichubua shingo kwa kugeuka nyuma bila kupumzika.

Kipanga: Mimi bado nasema 109.

Nati13: Lita 400.