Ushauri: Nibadilishe turbo ya Hilux 1KD inayovuta tela zito?

MzigoMlimani

Wakuu habari zenu. Nina Hilux ya dizeli, injini 1KD-FTV ya lita 3.0, giaboksi ya manyuali, turbo (feni inayozungushwa na moshi wa injini na kuisukumia injini hewa) ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Kazi yake kubwa ni kuvuta tela lililobeba kijiko kidogo cha kuchimbia. Tela na mzigo wake vinafika tani 2.2 hivi, bado niko ndani ya kikomo cha kitabu cha gari.

Barabara ya tambarare haina shida. Mlima mrefu ndiyo unaikata pumzi: nashuka gia ya tatu, nakanyaga mpaka mwisho, moshi mweusi naanza kuuona kwenye kioo, na mshale wa joto unapanda taratibu. Nikifika juu unarudi. Taa ya injini haijawaka. Zamani kwa mzigo huu huu haikuwa hivi.

Fundi wangu ananiambia nifunge turbo kubwa na kuongeza presha. Mwingine anasema nikifanya hivyo nitaua injini. Riziki yangu iko kwenye gari hii, kwa hiyo nataka niamue nikiwa naelewa. Turbo kubwa ndiyo dawa kwa gari ya kuvuta? Na nikibadilisha, nini kingine lazima kiguswe?

ChumaNaGrisi

Mkuu, umesema zamani haikuwa hivi, na mimi naishia hapo hapo. Turbo haipungui ukubwa kwa kuzeeka. Kama ilikuwa inapanda na sasa haipandi, kuna kitu kimechoka, kimeziba au kinavuja. Moshi mweusi maana yake dizeli inaingia lakini hewa ya kuiunguza haitoshi. Tafuta hewa inapotelea wapi kabla hujanunua chochote.

FundiDizeli

Naungana na ChumaNaGrisi, naomba niende ndani kidogo.

Nguvu ya dizeli inatokana na mafuta yanayoungua. Hewa inayaruhusu yaungue yote, na hewa ya ziada inapunguza joto la moshi. Sasa kwenye 1KD kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ina kiwango cha presha inachokilenga. Inasogeza mapanga yaliyo upande wa moto wa turbo, pale moshi unapopita, mpaka ikipate. Ukifunga turbo kubwa bila kugusa programu, itaendelea kulenga kiwango kile kile, na presha ikizidi inapunguza mafuta na gari inakosa nguvu kabisa.

Mapanga hayo ndiyo uzuri wa turbo hii kwa mtu anayevuta mzigo. Mzunguko wa injini ukiwa mdogo yanabana njia, moshi unapita kwa kasi na turbo inaamka mapema. Mzunguko ukipanda yanafunguka. Masizi yakiganda pale, yanakwama katikati, na dalili zake ni hizi hizi ulizoandika.

Ningeanza na bomba za hewa. Ziba mdomo wa mfumo baada ya chujio la hewa pamoja na bomba la kupumulia la injini, ingiza upepo usiozidi bar 1, pulizia maji ya sabuni kwenye kila kiungio. Mpira unaweza kuonekana mzima gari ikiwa imezimwa, ukafunguka mpasuko presha ikija. Kisha chujio lenyewe, halafu manifodi ya kuingizia hewa (bomba linaloigawa kwenye silinda), kwa sababu vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, inaleta masizi, mvuke wa oili unayagandisha, na njia inazidi kuwa nyembamba mwaka hadi mwaka. Mwisho shafti ya turbo. Ikicheza kidogo sana kwenda pembeni ni kawaida, oili ndiyo hujaza nafasi hiyo. Ikienda mbele na nyuma, au feni ikigusa nyumba yake, turbo imekwisha.

Funga pia geji mbili, ya presha ya turbo na ya joto la moshi. Ile ya joto toboa kwenye manifodi ya moshi kabla ya turbo. Ukiiweka baada ya turbo, gari ikiwa na mzigo utasoma namba pungufu kwa nyuzi 100 au zaidi, nawe utaona uko salama wakati pistoni inaungua. Mlima mrefu, mguu chini, mimi sikubali joto likae juu ya nyuzi 700. Likigusa kidogo ukiwa unapita gari nyingine si neno, ila kwa dakika kadhaa mfululizo hapana.

KasiYaJuu

Wakuu mnamtisha jamaa. Mimi nimefunga turbo kubwa kwenye dizeli ya lita 3.0, nikaprogramu kontroli boksi, na gari sasa ni nyingine kabisa. Presha zaidi ni hewa zaidi. Kwa nini akae na turbo ya kiwandani miaka yote?

FundiDizeli

KasiYaJuu, nakuamini kabisa, gari yako lazima inaruka. Lakini angalia inaruka kuanzia mzunguko gani. Turbo kubwa ina feni nzito na nyumba pana, inahitaji moshi mwingi ndipo ianze kupuliza. Gari ya kukimbia inasubiri, hakuna tatizo. Mwenzetu anaondoka na tani mbili mgongoni kwenye mwinuko, injini iko mizunguko 1,500 mpaka 2,500 kwa dakika. Hapo turbo yako bado imelala, dizeli inaingia, hewa hakuna, joto linapaa na klachi inaumia. Anayevuta anataka presha mapema kuliko presha nyingi.

Na presha nyingi si lazima iwe hewa nyingi. Hewa ya nyuzi 30 ukiibana iwe presha ya bar 1 juu ya ile ya kawaida, inatoka kwenye kompresa, yaani upande wa turbo unaobana hewa, ikiwa na nyuzi 120 hivi. Hewa ya moto ni nyepesi. Ukiipoza mpaka 60 kabla haijaingia kwenye silinda, unapata uzito wa hewa zaidi kwa karibu sehemu moja ya tano, turbo ile ile. Ndiyo maana huwa nashangaa watu wanaruka intakula, kipozeo cha hewa inayotoka turbo, na kukimbilia turbo. Kwenye Hilux hii intakula imekaa juu ya injini, inapata upepo kwa tundu la boneti. Kasi ya mlimani ni ndogo, upepo ni mdogo, na joto la injini linaipasha kutoka chini. Intakula ya mbele, yenye bomba fupi kadiri inavyowezekana, ni fedha iliyokwenda mahali pake.

TelaLaBoti

Mimi ni mama wa kuvuta boti, si fundi, naomba niseme la upande mwingine. Kaka, hata ukipata nguvu hiyo, ulizia klachi, rejeta na breki. Ukiongeza nguvu, klachi ya kawaida inaweza kuanza kuteleza kwenye gia za juu. Joto la maji nalo linazidi, kwa sababu kila dizeli ya ziada unayochoma inaacha joto lake kwenye injini. Breki za tela zikaguliwe pia, maana utakuwa unafika juu ya mlima kwa kasi zaidi ya zamani na upande wa pili ni mteremko.

MzigoMlimani

Asanteni sana wote, dada TelaLaBoti nimekusikia. Nimerudi na majibu.

Mpira unaotoka turbo kwenda intakula umepasuka chini ya klempu, haukuonekana mpaka upepo ulipoingia. Kabla ya kuubadilisha geji ilisoma presha bar 0.7 kwa mzigo wote, joto la moshi 780. Baada ya mpira mpya na kusafisha manifodi, presha imevuka bar 1 na joto linakaa 710 mlima ule ule. Mshale wa maji hautikisiki tena.

Lakini shafti ya turbo inacheza mbele na nyuma, na kwenye intakula kulikuwa na oili nyingi. Kwa hiyo turbo nabadilisha kweli. Nichukue ipi?

FundiDizeli

Safi sana, sasa tunajua tunatibu nini.

Kwa mzigo wako chukua ya ukubwa ule ule wa kiwandani, yenye mapanga yanayobadilika. Ukitaka zaidi, ipo ile inayobaki na nyumba ya moto (ya upande wa moshi) ya kiwandani lakini ikapewa feni ya baridi (ya upande wa hewa) kubwa kidogo. Hiyo inaamka karibu sawa na ya zamani, ila itengenezwe na mtu anayeibalansi kwa mashine, kwa sababu shafti inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Programu iandikwe upya kwa mafuta ya kiasi, ukiangalia geji yako ya joto. Kama milima yako iko juu sana, mwambie anayeprogramu. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapungua kwa karibu asilimia 10, na turbo inalazimika kuzunguka zaidi kuleta presha ile ile.

Ila usifunge mpya kabla hujajua ya zamani imekufa kwa nini. Injini hizi zinajulikana kwa vikombe vya shaba vya chini ya nozeli zinazopulizia dizeli. Vikivujisha, masizi yanaingia kwenye oili na kuziba chujio la ndani ya sampu (beseni la oili chini ya injini), turbo inakosa oili. Fungua sampu ulitazame. Badilisha na bomba linalopeleka oili kwenye turbo.

Siku ya kufunga, mwaga oili na weka mpya na chujio jipya. Usipake silikoni kwenye gasketi za oili, kipande kikimeguka kinaziba njia. Mimina oili safi kwenye tundu la turbo, zungusha feni kwa kidole, chomoa soketi za nozeli kisha piga stata bila kuwasha mpaka taa ya oili izime. Ndipo uwashe, iache sailensi (mzunguko wa chini) dakika chache bila kukanyaga, na uangalie viungio vyote vya oili kwa tochi kabla tela halijafungwa.