Pini na waya kwenye kiwiko: seremala arudi kazini lini?

Swali: Ncha ya kiwiko cha kulia ilivunjika, ikafungwa pini 2 na waya. Leo wiki ya 5. Aanze kupiga randa?

Jibu: Randa bado, ndugu. Ukisukuma, msuli wa nyuma ya mkono unavuta kile kipande kilichofungwa, waya unalegea. Asubiri eksirei ionyeshe mfupa umeunga. Kazi nzito mara nyingi ni baada ya wiki 12. Kupima na kuchora mbao ni sawa, ila asinyanyue kinachozidi kikombe cha chai.

Jibu: Ila mkono asiuning'inize tu shingoni, kiwiko hukakamaa upesi mno! Daktari akiruhusu, akunje na kunyoosha mwenyewe taratibu, mara 10, asivutwe na mtu. Akiinuka kitini asiuegemee.

Jibu: Kidole cha mwisho na cha pete vikifa ganzi, au pini ikichomoza ngozini, arudi hospitali siku hiyohiyo.